Boriti, Mhimili na Taruma: Maneno ya Ujenzi Katika Hesabu za Mtetemo

Reli itokayo Kaliua, katika njia ya Tabora na Kigoma, kwenda Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950. Urefu wake ni kilometa zipatazo 210, na upana wa njia yake ni meta 1, sawa na Njia ya Kati inayoizaa. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa ili kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Na machimbo hayo yalipofungwa mwaka 1960, mtu angeweza kutazamia kwamba reli nayo ingeng'olewa. Haikung'olewa. Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi na kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa, iliendelea kuitegemea kwa mazao na kwa watu, hasa wakati wa mvua ambapo barabara za udongo hazipitiki.

Treni ipitapo katika njia hiyo, vitu viwili vinavyofanana kwa umbo hutetema chini yake. Cha kwanza ni boriti ndefu za chuma zinazobeba njia pale inapovuka mto. Cha pili ni reli yenyewe, katika ule urefu mfupi ulio kati ya taruma moja na taruma la pili. Mhandisi huviita vyote viwili kwa jina moja, na ni haki yake, kwa kuwa vyote ni vitu virefu vilivyolazwa juu ya tegemeo na kubebeshwa mzigo. Lakini hesabu inayotosha kwa kile cha kwanza haitoshi kwa kile cha pili. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyogunduliwa, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kuieleza, ila maneno hayo yamechanganywa hata mfasiri hajui ashike lipi.

Tuanze na taruma, maana ndilo lenye historia iliyo wazi. Mabaharia na mafundi wa vyombo vya pwani waliliita taruma gogo au ubao unaokazia mbavu za jahazi kwa ndani. Wajerumani walipojenga Njia ya Kati kutoka Dar es Salaam, kazi iliyoanza mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, palihitajika jina la vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, ambavyo kwa ajili ya mchwa vilifanywa aghalabu vya chuma. Neno la chombo cha baharini likapanda bara. Leo mtu wa Katavi ambaye hajapata kuliona jahazi husema mataruma bila kusita, na mataruma ya zege huitwa vivyo hivyo. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga neno hilo. Watu waliitazama kazi ya kitu, wakaona inafanana na kazi ya kitu kingine walichokijua, basi.

Boriti lina historia ndefu zaidi. Katika biashara ya miti ya mikoko, kuanzia mlango wa Rufiji hadi Lamu, miti ilipangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi na mabanaa, kutoka wembamba hadi unene, na kuhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Boriti katika mpangilio huo ni mti wenye kipenyo cha sentimeta 11.5 hadi 14 hivi; nguzo ni ule wa sentimeta 14 hadi 20. Msomaji ataona hapo jambo la kushangaza kidogo. Kwa mfanyabiashara wa mikoko, nguzo haikuwa lazima isimame wala boriti haikuwa lazima ilale. Tofauti ilikuwa unene. Majahazi yalizipeleka Oman na nchi za Ghuba ambako miti mirefu ya kuezekea ni adimu, na biashara hiyo ilidumu mpaka karne ya ishirini (Kenya ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982). Huko na huku pwani yetu, vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, upana wa meta 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo ikiwa imebeba dari nzito ya mawe na chokaa. Unene wa mti uliamua upana wa chumba. Huo ndio uhusiano ambao hesabu za wahandisi zilikuja kuuandika kwa tarakimu.

Katika lugha ya kawaida boriti likahama kutoka daraja la unene likawa jina la kazi: mti wowote uliolazwa kubeba dari. Mafundi seremala hulitofautisha na kenchi, ambayo ni fremu ya paa yenye pembetatu, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Mafundi wa zege wa siku hizi nao husema bimu. Hawakosei, kwa kuwa wanaelewana. Ila bimu kwao ni ile ya zege yenye nondo, na ni vigumu kuliita bimu gogo la daraja la mti au shimoni ya gari.

Waandishi wa vitabu walipendelea mhimili. Ni neno zuri. Limetokana na kuhimili, kwa hiyo linataja kazi yenyewe ya kubeba. Tatizo ni kwamba limekwisha kukaliwa. Katika jiografia mhimili ni mstari ambao dunia huuzunguka. Katika siasa tuna mihimili mitatu ya dola, ambayo kwa picha iliyomo akilini mwa msemaji imesimama kama nguzo, haikulala. Sasa fikiria mfasiri wa kitabu cha mitambo anayekutana na sentensi isemayo kwamba mstari wa katikati wa kitu hicho kilicholazwa hubaki bila kurefuka kinapopinda. Akiwa amechagua mhimili kwa vyote viwili, ataandika 'mhimili wa mhimili haurefuki'. Mwalimu atakayeisoma sentensi hiyo mbele ya darasa anastahili kuhurumiwa. Kwa maoni yetu boriti lishike kitu, na mhimili libaki kwa mstari.

Hebu sasa tutazame upande wa elimu yenyewe. Galileo aliandika juu ya boriti iliyochomekwa ukutani katika kitabu chake cha mwaka 1638, lakini hakupata sawasawa jinsi nguvu zinavyogawanyika ndani yake. Kanuni iliyodumu ilikamilika katika karne iliyofuata kwa kazi ya ukoo wa Bernoulli wa Uswisi na ya Leonhard Euler, ambaye pamoja na Daniel Bernoulli aliihesabu pia mitetemo ya boriti. Wazo lao ni hili: ukiikata boriti kwa mawazo kama mtu akatavyo muwa, kila uso uliokatwa hubaki bapa, na hubaki pembemraba na mstari wa katikati hata boriti ipindapo. Jambo moja tu linatokea, kupinda. Hapana kingine.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa ya wanahisabati zaidi kuliko ya mafundi. Reli ndiyo iliyoileta barabarani. Mnamo Mei 1847 daraja la chuma cha kalibu juu ya mto Dee, karibu na mji wa Chester nchini Uingereza, lilivunjika treni ikiwa juu yake, na watu 5 wakafa. Tume iliundwa, na Robert Willis akafanya majaribio ya kupitisha kigari chenye uzito juu ya boriti za chuma kwa mwendo mbalimbali. Ripoti ya mwaka 1849 ilionyesha kwamba mzigo unaokwenda waweza kuipinda boriti kuliko mzigo uleule ukiwa umesimama. Tangu hapo hakuna mjenzi wa daraja la reli aliyeweza kupima uzito peke yake akalala usingizi. Alipaswa kujua pia boriti yake hutetema mara ngapi kwa sekunde.

Mwaka 1877 Rayleigh aliongeza kwamba kila kipande cha boriti, kikiwa kinapanda na kushuka, pia hujigeuza kidogo, na kugeuka huko kunadai nguvu yake. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1921, wakati Stepan Timoshenko, mzaliwa wa Ukraine ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Zagreb, alipochapisha makala ya kuongeza jambo lingine. Chukua kitabu kinene chenye jalada laini, ukipinde, uangalie ukingo wake: kurasa zimeteleza, kila moja juu ya mwenziwe. Ndani ya boriti nene na fupi jambo kama hilo hutokea, japo tabaka zake zimeshikamana. Nyuso zilizokatwa hazibaki tena pembemraba na mstari wa katikati. Boriti hupinda, na juu ya kupinda, husererekana ndani kwa ndani.

Mfano wetu wa Mpanda unaingia hapa. Boriti ya pwani yenye urefu wa meta 2.8 na unene wa sentimeta 12.5 ina urefu upitao mara 22 ya unene wake. Ukiuacha ule mserereko nje ya hesabu, kosa katika mtetemo wake wa kwanza ni kama asilimia 1 tu. Daraja lenye boriti ndefu na nyembamba liko katika hali hiyohiyo, na kanuni ya karne ya kumi na nane yalitosha. Lakini taruma na taruma zimeachana sentimeta 60 au 70, na reli ina kimo cha sentimeta 11 hadi 17. Urefu hapo ni mara 4 hadi 6 tu ya kimo. Kwa reli nzito ya kisasa, yenye uzito wa kilo 60 kwa kila meta na mataruma yaliyoachana sentimeta 60, kanuni ya kwanza yasema kwamba kipande hicho hutetema kiasi cha mara 1,400 kwa sekunde. Kanuni ya Timoshenko yasema karibu mara 1,070, na vipimo vya njiani vinakubaliana na hii ya pili. Kwa reli nyepesi, ya kilo 30 kwa meta na mataruma yaliyoachana sentimeta 70, tofauti hupungua ikawa kama sehemu moja ya kumi. Mitetemo ya haraka namna hiyo haiangushi daraja, lakini ndiyo ivumayo sikioni treni ipitapo, na inahusika katika kuchakaa kwa uso wa reli kwa mawimbi madogomadogo.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya jina. Vitabu husema 'boriti ya Euler na Bernoulli' na 'boriti ya Timoshenko'. Kumtaja mgunduzi ni adabu. Hata hivyo jina la mtu halimwambii mwanafunzi chochote, na mara nyingine halisemi kweli yote: katika miaka ya karibuni wachunguzi wameonyesha kwamba Timoshenko alifanya kazi hiyo pamoja na Paul Ehrenfest, na sasa wako wanaodai majina yote mawili yatajwe. Istilahi inayotegemea ugomvi wa mirathi si istilahi imara. Tunapendekeza 'boriti ya mpindo' kwa ile ya kwanza, na 'boriti ya mpindo na mserereko' kwa ya pili. Wako wanaopenda kusema 'mkato' mahali pa mserereko, kwa kuwa nguvu hiyo ndiyo ikatayo msumari na karatasi. Lakini mkato kwa msomaji wetu ni alama ya uandishi kwanza, pili ni kitendo kilichokwisha, ambapo ndani ya boriti hapana kitu kilichokatika.

Enzi ya kompyuta ilileta tatizo jipya la tafsiri. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp, walioshughulika na mabawa ya ndege huko Marekani, walichapisha njia ya kuligawa umbo lolote katika sehemu chache, kuihesabu kila sehemu peke yake, na kuziunganisha tena. Mwaka 1960 Clough akaipa jina linalotumika mpaka leo. Jina hilo limekwisha kutafsiriwa kwa namna mbalimbali, na neno linalosumbua ni lile la sifa. Wafasiri huandika 'vyenye kikomo' au 'vya ukomo', kana kwamba kinyume chake ni anga lisilo na mwisho. Sivyo. Hisabati ya zamani iligawa boriti katika chembe ndogo kupita kiasi, zisizopimika kwa rula yoyote. Clough alitaka kusema kwamba sehemu zake yeye si chembe hizo. Zina urefu, waweza kuzipima. 'Njia ya vipande vipimikavyo' ingekuwa karibu zaidi na maana. Kuna atakayesema 'elementi' ingefaa kuliko kipande, lakini elementi imekwisha kuwa mali ya kemia. Kipande nacho kina doa lake, maana wazee wanaikumbuka ile kadi ya kazi ya siku thelathini katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Hata hivyo doa hilo limefifia, na fundi akisema 'kipande cha reli' hakuna anayeshtuka.

Vipande vya boriti vinavyotumika katika kompyuta ni vya namna kuu mbili, kufuatana na kanuni hizo mbili. Kipande cha mpindo ni mwepesi na mwaminifu. Ukiiwakilisha boriti iliyolala juu ya tegemeo mbili kwa kipande kimoja tu, mtetemo wa kwanza hutoka ukiwa umezidi kwa asilimia 11. Ukitumia vipande viwili, kosa hushuka hadi asilimia 0.4. Ni vitu vichache katika uhandisi vinavyolipa upesi namna hiyo. Kasoro yake ni ile ya kanuni yake: hakijui mserereko, na kwa reli iliyo kati ya mataruma kitaendelea kudanganya hata ukitumia vipande elfu.

Kipande cha mpindo na mserereko, katika umbo lake sahili kabisa, huacha kushuka kwa boriti na kugeuka kwa nyuso zake vibadilike kila kimoja kwa mstari mnyofu. Kwa boriti nene hufanya vema. Ukikitumia kwa boriti nyembamba, kinakuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Hakiwezi kupinda bila kujiwekea mserereko ambao haupo, na nguvu zote hupotea katika kuushinda mserereko huo wa kubuni. Kipande cha chuma chenye urefu mara 20 ya unene wake huonyesha ukakamavu uliozidi ule wa kweli zaidi ya mara 100. Katika miaka ya 1970 watafiti walipata dawa iliyo rahisi ajabu: kuupima mserereko mahali pamoja tu, katikati ya kipande, badala ya kuupima mahali pawili. Kasoro ikatoweka. Wahandisi huiita kwa neno lenye maana ya kufunga kwa kufuli. Sisi tungeiita 'ukakamavu wa uongo', kwa sababu kufuli huzuia kabisa, hali kipande hiki hakizuii, kinadanganya.

Tena angalia kwamba kasoro zote tatu tulizozitaja, yaani kuusahau mserereko, kutumia vipande vichache mno vya mpindo, na ukakamavu wa uongo, zinaelekea upande mmoja. Kila moja huifanya boriti ionekane ngumu kuliko ilivyo. Kwa hiyo mtu anayetegemea karatasi husadiki kwamba daraja lake lina nguvu ambazo halina. Kinyume chake aghalabu huonekana pale tungamo la boriti linapokusanywa kwenye ncha za vipande kana kwamba ni mawe yaliyofungwa kwenye kamba. Hapo mtetemo hutoka ukiwa wa chini. Mwaka 1963 John Archer alionyesha njia ya kulitandaza tungamo kwa kufuata umbo la mpindo wenyewe, na zile asilimia 11 na 0.4 tulizozitoa hapo juu ni za njia yake. 'Tungamo la kukusanya' na 'tungamo la kutandaza' yatatosha kwa majina.

Huenda msomaji akauliza haya yote yanamhusu nani, maadamu uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza, tangu Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na pendekezo la Tume ya Makweta ya mwaka 1982 la kuingiza Kiswahili katika shule za sekondari halikutekelezwa. Yanamhusu mnyapara wa genge la reli. Hesabu hufanywa mjini kwa Kiingereza, lakini amri ya kubadilisha mataruma au ya treni kupunguza mwendo darajani hutekelezwa kwa Kiswahili, na watu walioko njiani. Ikiwa ripoti yasema kwamba boriti za daraja ni salama ila reli kati ya mataruma imezidi kutetema, na mfasiri akaandika mhimili mara mbili, genge litakwenda kukagua daraja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limezoea kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo ligeukie lugha za kigeni. Katika jambo hili hatukulazimika kutoka nje ya hatua ya kwanza. Hata hivyo mafundi wa Kikonongo, Kibende na Kipimbwe wangeulizwa huitaje miti ya paa zao, huenda tungepata neno bora kuliko mserereko.

Limebaki neno mtetemo lenyewe. Katavi iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, na tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipatwa na tetemeko lenye ukubwa wa kiasi cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika ya Mashariki katika karne hiyo. Kwa wenyeji wa huko, basi, tetemeko ni la ardhi. Mtikisiko ni wa mara moja, kama behewa linapogongwa. Mtetemo ni ule unaojirudia kwa kipimo, na idadi ya kujirudia kwake kwa sekunde wengine huiita masafa, wengine marudio. Masafa limekwisha kutumika kwa umbali na kwa redio. 'Boriti yenye masafa ya 1,070' yaweza kusomwa kuwa ina urefu wa meta elfu. Marudio halina hatari hiyo.